Chokaa ya Gasorwe

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Gitega, chef wa majengo, yaani mkuu wetu, alinipa nyundo na timazi, ule uzi wenye chuma kizito unaoonyesha kama ukuta umesimama wima. Akasema, "We kazi yako iko moja. Ingia nyumba zilizoachwa, utuambie gani inaweza kuamka." Mi mtoto wa waashi nilidhani nitajenga, kumbe nimekabidhiwa wagonjwa!

Mkoa wa Muyinga nimeuzunguka wote. Giteranyi niliingia stoo zilizojaa popo, miti imeota mpaka dirishani. Vijana mnaoingia humo siku hizi kupiga picha, sikilizeni: zisomeni nyufa kwanza. Ufa mwembamba kama unywele ni lipu tu iliyokauka vibaya. Ufa unaopanuka kadiri unavyopanda ni msingi unaozama. Hapo toka mbio.

Gasorwe kulikuwa na kituo cha kuoshea kahawa, kimefungwa miaka mingi. Wakulima walibeba kahawa mbichi kichwani mpaka kituo cha mbali, ikifika imeshachacha, inakataliwa. Wengine walianza kung'oa mibuni. Serikali iliwaahidi mashine mpya, mradi jengo likikaguliwa lionekane zima. Nikazisoma nyufa zake, zote za lipu. Nikamwambia Mama Yustina, kiongozi wa wakulima, aliyekulia Tanzania, kwamba nitarudi na chef ajionee mwenyewe.

Tuliporudi, lahaula! Kila ukuta umepigwa lipu mpya na kupakwa chokaa, nyeupe pe. Uwanja umefagiwa. Mama Yustina akatupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, wazee wetu. Mgeni wa serikali hatuwezi kumpokea kwenye nyumba yenye nyufa. Tumefanya kazi wote, hata vikongwe."

Chef akanivuta pembeni. "Nyufa iko wapi?"

"Iko chini ya chokaa, chef. Mi nilizisoma, hazina shida."

"We ulizisoma, mi sijaona kitu. Ukuta uliofunikwa unahesabiwa mbovu, iko hivyo kwa sheria. Bon, twende."

Nilimbembeleza njia nzima mpaka Gitega. Ng'o! Jengo likaandikwa la kubomolewa.

Wabomoaji walipotumwa, mimi ndiye niliyewekwa kuwasimamia. Ukuta wa nyuma uliwatoa jasho kutwa nzima, mzima kabisa. Mama Yustina alikuja akasimama kando yangu.

"Baba, tungeuacha vilevile na uchafu wake, tungepewa mashine?"

Ningemdanganya vipi? "Mngepewa, mama."

Akajifuta uso kwa kitenge. "Basi usiwaambie wenzangu."

Sikuwaambia. Leo nawasimulia ninyi kwa sababu wale wakubwa wameshaondoka duniani wote, na Mama Yustina pia. Nilipostaafu nilikwenda Gasorwe kuaga. Nilikuta mihogo imepandwa palipokuwa na kahawa, na maduka ya senta yamefungwa. Mzee mmoja, aliyebaki kati ya wale waliopaka chokaa, alinishika mkono, akacheka kwa furaha.

"Lakini siku ile tuliwapokea vizuri, au siyo?"

"Vizuri sana, mzee wangu," nikamwambia. "Hakuna mahali tumewahi kupokewa vile."