Ukurasa wa Pili wa Faili ya Nyamai

Kaveke hajui kutulia. Hata akikaa kitini goti lake hupiga chini ya meza mpaka droo zinalialia, na wenzake walishachoka kumwambia. Alizaliwa Kasikeu, akasomea rekodi za afya, na huu ni mwaka wa kumi na nane tangu aajiriwe katika hospitali moja ya kanisa huku kusini mwa Kitui. Mamake mpaka leo huwaambia waumini wenzake kwamba binti yake "huandika wagonjwa", na kusema kweli hajakosea sana. Kazi yake ni kusoma daktari ameandika mtu anaumwa nini, kisha kuugeuza ugonjwa huo kuwa msimbo wa herufi na tarakimu chache, ili serikali na bima wajue watu wanaugua nini.

Kanuni ya kazi hiyo ni moja, na ni ngumu kuliko inavyosikika: kama daktari hakuandika, wewe huandiki. Ukiona kitu na daktari amenyamaza, unajaza fomu ya swali, unampelekea, unangoja jibu.

Jumatatu saa nne asubuhi alifungua faili ya Nyamai, mkulima wa ndengu kutoka pande za Ikutha, mzee wa miaka hamsini na minane. Daktari Gathua alikuwa amemwona Jumamosi na kuandika mstari mmoja: jiwe kwenye mrija wa mkojo, upande wa kushoto. Mgonjwa akapigwa sindano ya maumivu, akapewa vidonge, akaambiwa anywe maji mengi, akaenda nyumbani. Kwa jua hili letu na visima vyenye chumvi, mawe ya figo ni mengi mno, hata vidole vya Kaveke viliandika N20.1 vyenyewe.

Kisha akageuza ukurasa. Ripoti ya picha aliyopigwa mgonjwa Jumamosi ilikuwa na karatasi mbili, na ya pili ilisema kwamba figo ya kushoto imevimba kwa kuwa jiwe limeuzibia mkojo njia. Ilisema pia kwamba figo ya kulia ni ndogo mno, imesinyaa, haionekani kufanya kazi. Jiwe lililoziba na kuvimbisha figo lina msimbo wake, N13.2, lakini Gathua hakuwa ameandika neno lolote kuhusu kuziba. Hapo ndipo fomu ya swali ilipohitajika.

Kaveke hakuijaza. Miaka miwili nyuma daktari mwingine alimwambia mbele ya manesi ashughulike na makaratasi yake, na aibu ile haikuwahi kumtoka. Aliiacha N20.1 ilivyo, akafunga faili, akachukua nyingine.

Lakini moyo ulikataa. Siku nzima alikuwa akinyanyuka bila safari, anafungua kabati, anasahau alichofuata. Jumanne asubuhi hakugusa hata chai. Aliichukua faili akaenda nayo wodini, huku akijilaumu njia nzima, kwanza kwa kwenda, kisha kwa kutokwenda jana.

Gathua, kijana wa Nyeri mwenye adabu zake, aliangalia karatasi ya kwanza akauliza kama hakuwa ameandika jiwe. Jumamosi alikuwa peke yake zamu nzima, na akina mama wawili walikuwa wakimngoja kwa upasuaji. Kaveke hakubishana naye. Alimgeuzia ukurasa. Daktari akausoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti.

Namba ya simu iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya Kanyiva, mke wa Nyamai. Gathua hana Kikamba, kwa hivyo Kaveke ndiye aliyepiga. Kanyiva akampa mumewe simu, na mzee akaja na furaha tele. Uchungu ulikuwa umeisha kabisa. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda, watu wakampigia Mungu makofi. Na maji alikuwa anakunywa vile alivyoambiwa, jagi baada ya jagi, ila miguu ilikuwa imejaa kidogo. Kaveke naye ni mtu wa kanisa, na furaha ile ilimchoma. Swali lililobaki ni lile ambalo mwanamke hamwulizi mwanamume anayemheshimu kama babake.

"Mzee, mara ya mwisho kukojoa ni lini?"

Nyamai akashusha sauti ili mkewe asisikie.

"Sista, tangu Jumapili jioni, hapana. Nilifikiri ni jua."

Gathua alikuwa anamvuta mkono, anauliza amesema nini. Alipoambiwa hakuuliza la pili, alienda mbio kutafuta ambulensi. Nyamai alipelekwa moja kwa moja hospitali kubwa, akapitishiwa mgongoni mpira wa kutolea mkojo hadi kwenye figo ile moja iliyobaki. Alasiri madaktari wa huko wakapiga simu kwamba mkojo umeanza kutoka, na kwamba wangengoja mpaka kesho, figo ingekuwa imekwenda.

Jioni Gathua aliingia chumba cha rekodi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Akaomba faili. Chini ya mstari wake wa Jumamosi palikuwa na nafasi, na kalamu yake ikasita hapo.

"Kaveke, nikiongeza tu hapa, si itakaa ni kama niliona? Na mgonjwa si ako sawa?"

Alimhurumia. Na tusidanganyane, yeye mwenyewe alitamani aandike. Mstari ule ukiwa wa Jumamosi, hakuna atakayeuliza nani alisoma nini Jumatatu.

"Andika ya leo, daktari," akasema. "Na saa uweke."

Gathua akaandika chini kabisa: jiwe limeziba, figo imevimba, Jumanne, saa kumi na moja jioni. Akatia sahihi, akatoka bila kuaga.

Kaveke akavuta fomu ya swali ambayo sasa haikuwa na swali. Palikuwa na sehemu ya kueleza ni lini mhudumu wa rekodi aliona tatizo. Akaandika, kwa mwandiko unaosomeka: Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilisoma ukurasa wa pili. Niliogopa kuuliza.