Tone la Oili kwenye Saruji Mpya

Ukitaka kumpata mwanamke huyu usiulize jina la baba yake, utazunguka mtaa mzima bure. Uliza Mama Chaki. Ameshona sare za shule miaka thelathini na vidole vyake havijapata kutakata chaki. Na ukisikia mtu anacheka mpaka vyombo vinagongana kabatini, ndiye huyo huyo.

Mama Chaki alikuwa na pikapu. Si gari la kuringia, jamani, lilikuwa limechoka, lakini ndilo lililomtua mzigo. Zamani alibeba mabunda ya sare kichwani hadi madukani, na shingo haijamsamehe mpaka leo. Pikapu ile ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: ilivuja oili. Mumewe, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakutaka fundi aiguse. Kila Jumapili alijilaza chini yake, akakaza ile nati ya kumwagia oili, akatoka na paji jeusi na kutangaza, "Imepona!" Jumatatu tone liko pale pale.

Basi mama mwenye nyumba akamwaga saruji mpya uani, laini ya kulalia. Siku ya tatu akakuta doa jeusi upana wa sahani. Loo! Alikuja juu kama moto wa kifuu.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini Jumamosi asubuhi nikikuta hata tone moja, gari litoke. Likalale kokote."

Kokote penyewe wapi? Mtaa ule, gari likilala nje haliamki na magurudumu yote. Kutoka uani ni kuuzwa, na likiuzwa, Mama Chaki arudi kubeba mabunda kichwani na miaka yake hamsini na minane. Alipolifikiria hilo, kicheko kilimkauka.

"Mwalimu, leo nipishe," alisema Alhamisi.

"Wewe? Mambo ya injini umejifunzia wapi?"

"Nisilolijua nitaiuliza injini yenyewe. Lete mafuta ya taa."

Waliisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, wakaiosha kwa sabuni, wakaiacha ikauke. Kisha Mama Chaki akachukua chaki zake nyeupe za kuchorea vitambaa, akazitwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, na unga wake akaunyunyizia injini nzima. Ikawa nyeupe kama bibi harusi aliyezidisha poda. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa unaishonea gauni?"

"Cheka tu. Washa!"

Iliunguruma dakika kumi, wakazima. Mama Chaki akainama na tochi. Kweli, kwenye nati ya Mwalimu unga ulikuwa umelowa. Lakini yeye hakuishia hapo, maana pindo la nguo likilowa, unauliza maji yametoka wapi. Alifuata mstari mweusi kwa kidole. Ukapanda ubavuni, ukapita nyuma, ukafika juu kabisa, kwenye kava la injini. Kumbe! Oili ilitokea juu, ikateremka mgongoni mwa injini, ikaenda kudondokea kwenye nati. Nati ya watu imeonewa mwaka mzima bila kosa.

"Hizi bolti za kava alizikaza nani?"

Mwalimu akakohoa. "Labda yule fundi wa zamani."

Walipofungua kava, gasketi, ule ukanda wa koki, gome jepesi la vizibo vya chupa, unaokaa kati ya kava na injini, ilikuwa imepasuka kwa kubanwa kupita kiasi. Mama Chaki akamtazama mumewe. Mumewe akatazama mawingu.

Duka la spea likasema gasketi ya gari hilo iliisha zamani. Basi akanunua kipande cha koki, akalaza kava juu ya gazeti, akachora ukingo wake, akapata patani safi kama ya kola. Alikata kwa mkasi wa karatasi. Ule wa kitambaa haugusi kitu kingine hata nyumba iwake moto. Na Mwalimu aliponyakua spana ili akaze kwa nguvu zake zote, alichapwa kofi mkononi.

"Taratibu, bwana! Bana bolti hii kidogo, vuka upande wa pili, urudi. Hapa hatushindani na mtu."

Ijumaa waliendesha kutwa, kisha wakatandika boksi safi chini ya injini. Jumamosi mama mwenye nyumba akaja na tochi, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alivuta boksi, akaligeuza, akalinusa. Kavu. Akapitisha kiganja chini ya injini, kikatoka na vumbi tu.

"Haya, libaki," alisema, sauti imeshuka. "Hongera, Mwalimu. Kumbe wewe fundi kweli!"

Mama Chaki aliendelea kupakia mabunda. Alishazoea. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, kinachoharibika ni cha fundi wa zamani, kinachopona ni cha Mwalimu. Gari limebaki, yatosha.

"Si mimi," Mwalimu alisema.

Mama mwenye nyumba akageuka.

"Mimi ndiye niliyeharibu. Nilikaza lile kava mpaka nikapasua gasketi, halafu nikamsingizia fundi. Aliyetengeneza ni mke wangu."

Bunda lilimponyoka Mama Chaki. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, kisha kicheko kikaja chote kwa pamoja na furaha ikamjaa mpaka akaketi juu ya sare za watu.

"Rudia," alisema. "Hebu rudia, nisikie vizuri."

Mwalimu akasimama wima, akairudia kwa sauti ya darasani, na majirani wa upande wa pili wa ukuta wakasikia kila neno.