Mikate ya Mdalasini ya Géomètre Kalala

Kalala alikuwa mpima ardhi wa serikali, mtu wa Kasai aliyefika Butembo mwaka 1989 na barua ya uhamisho, mke mmoja na masanduku mawili. Watu wa mtaa wake, upande wa Rughenda, walimwita géomètre tu, kana kwamba padri ndiye aliyembatiza hivyo. Mipaka ya viwanja vya nusu ya mji aliijua kuliko wenye viwanja. Hakuna aliyewahi kumwona akitoka nyumbani bila tai, hata vita vilipokuja na mshahara ukaacha kuja.

Vita hivyo vilimkuta peke yake na mtoto. Mwezi wa saba mwaka 1998 mkewe, Josée, alikwenda Mbujimayi, kwao Kasai, kumzika mama yake. Alisema atakaa wiki tatu. Kabla ya wiki hizo kwisha uasi ulianza, na nchi ikakatika vipande: Butembo ikawa mikononi mwa waasi, Mbujimayi ikabaki upande wa serikali. Ndege zilisimama, barua nazo zikasimama. Josée akawa ng'ambo ya mpaka ambao mumewe, pamoja na vyombo vyake vyote vya kupimia, hakuwa na njia ya kuuvuka.

Binti yao Shekinah alikuwa na miaka minane. Kalala akajifunza kufua sare ya shule na kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kusuka nywele kulimshinda, na hapo ndipo jirani yao, Mama Kavuo, alipoingia maishani mwao. Alikuwa mjane wa Kinande, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima hadi kilima. Kila Jumamosi alimkalisha Shekinah kwenye kigoda uani, akamsuka huku akimsemesha Kinande, na mtoto akakishika Kinande hicho kama aliyezaliwa nacho.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwaka 2000, mvua ikinyesha, Shekinah alimwuliza baba yake, "Papa, mama alikuwa anatiaka nini mu ile mikate yake?"

Kalala aliijua mikate aliyokuwa akiulizwa. Haikuwa mikate ya duka. Ilikuwa myembamba, laini, imekatwa vipande virefu, na juu yake sukari iliyochanganywa na mdalasini, ambao Butembo watu wanauita kanele. Josée aliitengeneza kila Jumapili baada ya misa. Kalala alikuwa ameila miaka kumi mizima. Hakuwahi kuuliza hata siku moja.

"Tutajaribu," alisema.

Siku ya pili alinunua fimbo ya kanele sokoni, kwa wale wanaoleta bidhaa kutoka Kasindi. Alichanganya unga, sukari, maji na mayai mawili, akamimina kwenye sufuria, akaiweka juu ya mbabula, jiko lililojaa makala, yaani makaa. Chini pakaungua pakawa mkaa, juu pakabaki uji. Mama Kavuo aliufuata moshi, akachungulia ndani ya sufuria, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Papa Shekinah, unapika mukate ao unachoma matofali?"

"Naomba unionyeshe, mama."

Alimwonyesha. Mtu asiye na tanuri hutia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa na kuupasha moto. Sahani ya bati yenye unga hukaa juu ya mchanga, kifuniko hufunikwa vizuri, na makala machache huwekwa juu ya kifuniko. Moto juu, moto chini, ndivyo mkate unavyoiva. Mama Kavuo alileta na unga wa ngano kutoka Masereka, ambako mama yake mzazi alikuwa bado analima, akatia na kopo la margarine la nyumbani kwake.

Jumapili iliyofuata mikate ilitoka mizima. Kalala aliikata kwa rula ya ofisini, kila kipande sentimita tatu kwa tisa, akaiweka mbele ya mtoto na kusimama pembeni na tai yake, akisubiri. Shekinah alitafuna polepole. Alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Ni muzuri, papa," alisema. "Lakini haiko ya mama."

Kalala aliketi. Tangu Josée aondoke, mtoto huyo alikuwa amelia mara moja tu, siku ya kwanza. Siku hiyo pia hakulia. Alimaliza kipande chake, akashukuru, akaenda kucheza. Kalala akaona afadhali angelia.

Parokiani palikuwa na phonie, redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Hapo ndipo familia zilizotenganishwa na vita zilipokwenda kusikizana, ikiwa hali ya hewa imeruhusu. Kalala alikuwa amezungumza na Josée mara mbili tu kwa mwaka mmoja na nusu, dakika tano kila mara, na dakika zote ziliishia kwenye "Muko bazima?" na "Tuko bazima." Mbele ya mlango alikaa askari wa waasi aliyetumwa kusikiliza. Sheria zake zilikuwa mbili: habari za familia tu, na lugha tatu tu, Kiswahili, Kifaransa na Lingala, ili asipitwe na neno.

Alhamisi iliyofuata Kalala alikwenda na Shekinah. Watu kama ishirini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na kila mmoja aliyasikia ya mwenzake, maana chombo kile hakikujua kunong'ona, na aliyemaliza kusema alitamka "À vous", yaani zamu yako, ndipo mwenzake ajibu. Edmond, kijana mwenye kukiendesha, alizungusha vifundo, akaita Mbujimayi, akaita tena. Mwishowe sauti ya Josée ikatoka ndani ya mvumo kama mtu anayeongea chini ya mvua.

"Papa Shekinah, muko bazima? À vous."

"Tuko bazima. Josée, sikia, dakika ni kidogo. Ile mikate ya kanele, unaitengenezaka namna gani? À vous."

Mvumo mrefu. Watu kwenye mabenchi waliinua vichwa. Josée aliporudi hewani, sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa ya mwanamke aliyesimama jikoni kwake.

"Ulitia margarine? À vous."

"Ndiyo. À vous."

"Hapana margarine! Tia siagi ya ng'ombe, ya kule Lubero. Uiyeyushe, uiache kwa moto mpaka ikuwe rangi ya kahawia, inuke kama karanga. Sukari bilauri moja, siagi nusu bilauri. Ikipoa kidogo, mayai mbili. Unga bilauri mbili, chumvi kidogo. Hapana tia maji. Kanele vijiko mbili, usage wewe mwenyewe: moja ndani, moja juu pamoja na sukari. Moto ya juu ikuwe kali kuliko ya chini. Na usingoje ipoe! Ukate ingali moto, vipande kumi na sita. Umeshika? À vous."

Kalala alikuwa anaandika kwenye daftari la kazi. Nyuma yake mama mmoja alikuwa anaandika kwenye kiganja. Mwingine alimwuliza jirani yake kwa sauti, "Amesema siagi nusu?"

"Nimeshika," alisema Kalala. "Shekinah iko hapa. À vous."

Shekinah alikisogelea kipaza sauti. Akasema tu, "Mama." Josée, alipolisikia neno hilo moja, alisahau sheria. Alisema maneno kidogo kwa Kiluba, ya kwanza kwa mtoto na ya mwisho kwa mume, kisha mvumo ukameza kila kitu.

Askari akasimama. Jina lake lilikuwa Elysée, kijana wa mkoa mwingine, kama wa miaka ishirini na miwili.

"Amesema nini?"

"Ametusalimia," alisema Kalala.

"Amesema nini, neno kwa neno?"

Kalala aliangalia mabenchi. Watu ishirini walimtazama. Uso wake ukawa moto. "Chef, mukubwa wangu, ni maneno ya mutu na bibi yake. Siwezi kuyasema hapa."

Basi akachukuliwa, daftari na yeye, mtoto akishika mkono wake. Katika nyumba waliyoifanya kituo, mkubwa wao alilisoma daftari kwa sauti. Kumi na sita. Moto wa juu mkali kuliko wa chini. Usingoje. Kata. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Géomètre wa serikali, mutu wa Kasai, anazungumza na Mbujimayi. Na wewe unaniambia hii ni mukate?"

"Ni mukate, chef."

"Elysée! Uende naye kwake. Apike hiki kitu mbele ya macho yako. Kikiwa chakula, muache. Kisipokuwa chakula, murudishe hapa."

Wakati mwingine wote Kalala angeuita huu mzaha. Lakini watu walikuwa wameshaingia katika nyumba ile kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na wengine walichelewa sana kutoka. Njiani Shekinah alikaza kidole cha baba yake ndani ya mkono wake.

Siagi alitoa Mama Kavuo. Alipomwona askari uani na bunduki yake kwenye magoti, alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe mutoto, umekuja kulinda sufuria?"

"Ni amri, mama."

"Kama ni amri, sogea. Umekalia kuni yangu."

Kalala akapika. Siagi ilitoa povu, ikanyamaza, ikageuka rangi, na ghafla ua wote ukanuka karanga. Shekinah, aliyekuwa akitwanga kanele kwenye kinu kidogo, aliacha kutwanga, akainua pua. Kalala alimwona, na mwiko ukamtoka mkononi. Ikabidi Mama Kavuo auokote na kukoroga mahali pake.

Kisha wakasubiri. Makala yalikuwa juu ya kifuniko, mchanga chini, na watu wanne wakatazama sufuria. Elysée aliuliza tena, safari hii kwa upole, kama mtu anayetaka kupitisha wakati, "Sasa papa, yale maneno ya Kiluba?"

Kalala aliinama kupanga makala juu ya kifuniko. Shekinah ndiye aliyejibu.

"Mimi aliniambia nisiache kuomba. Na papa alimuambia, 'Ukule vizuri, katoto kangu kanene.'"

Elysée aliangua kicheko, Mama Kavuo naye akaangua, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Kisha askari alimtazama géomètre: shingo ndani ya kola iliyompwaya, mshipi uliotobolewa matundu mapya mawili. Kicheko kikamwishia.

"Ulikuwa munene?" aliuliza.

"Sana," alisema Kalala. "Hajaniona tangu vita."

Mikate ilipoiva alichukua rula, kisha akakumbuka kwamba ameambiwa asingoje. Akaiweka rula chini, akakata kwa macho tu ingali moto, vipande kumi na sita visivyolingana, akavinyunyizia sukari na kanele. Cha kwanza alimpa Shekinah. Mtoto aliuma, akatafuna, akameza. Kisha akakaa chini palepale kwenye udongo na kulia, kwa sauti kubwa, kama mtoto mdogo kabisa. Kalala alikaa naye chini bila kujali suruali yake ya kazi, akamkumbatia mpaka alipotulia.

Elysée alikula vinne akiwa amesimama. Alivifunga vingine viwili ndani ya kofia yake kwa ajili ya mkubwa. "Likambo te, papa," alisema, kwamba hakuna neno tena, na akarudisha daftari. Mlangoni aligeuka. "Mama, wasingya," alimshukuru Mama Kavuo, kwa Kinande kibaya sana.

Tangu siku hiyo Kalala alipika kila Jumapili. Wanawake waliokuwa kwenye mabenchi ya phonie walipika nao, wakawa wanakuja kumwuliza géomètre kama bilauri ni ya kujaa ama ya shingoni, naye aliwajibu kwa uzito uleule aliokuwa akijibia habari za mipaka ya viwanja.

Josée alirudi mwaka 2003, nchi ilipoanza kuunganika. Ndege ndogo ilimshusha kwenye uwanja wa ndege wa Rughenda asubuhi, na binti aliyemwacha kiunoni mwake alimpokea akiwa amemzidi urefu. Walishikana mikono kwanza, kama wageni, halafu hawakuachana mpaka nyumbani. Majuma ya mwanzo yalikuwa magumu. Josée alikaa kwenye nyumba yake mwenyewe akiuliza chumvi iko wapi. Shekinah alimwita Mama Kavuo kila alipoumia, kisha alijirekebisha, na Josée alijifanya hakusikia. Mama Kavuo alipoona hivyo alipunguza kuja. Josée ndiye aliyemfuata, akabisha, akasema, "Dada, usinipe mutoto yangu kwa hasira. Tumushike pamoja." Wakaketi jioni nzima.

Mwaka uliofuata Kalala alihamishiwa Beni. Huko Josée, akiwa na miaka thelathini na tisa, alizaa mtoto wa kiume. Mama Kavuo alipanda lori kutoka Butembo na gunia la viazi na blanketi, akakaa mwezi mzima akimwogesha mtoto na kumkaripia mzazi. Siku ya ubatizo padri aliuliza jina. Watu wa Kasai waliokuwa Beni walitarajia jina la kwao. Kalala alikohoa, akaweka tai yake sawa, akasema, "Kasonia."

Lilikuwa jina la marehemu mume wa Mama Kavuo. Hawakuwa wamemwambia. Alikuwa amesimama nyuma na kitenge cha mtoto begani, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, sauti yake haikutoka.