Mgonjwa Hajasema

Sokoni walimwita Spika. Aliuza nguo za mitumba, na akishapanda juu ya meza yake na kuanza kuinadi suruali, hata aliyekuja kununua sabuni aliondoka na suruali. Kipaza sauti hakukijua. Nyumbani pia hakuna aliyemkatiza, mpaka koo lilipoanza kumkwaruza, hospitali wakachukua kipande cha nyama wakakipima, wakasema ni saratani.

Tangu hapo jina lake likawa Mgonjwa. Mgonjwa amekula? Mgonjwa asikae kwenye upepo! Wageni wakifika, walimuuliza mkewe hali ya mtu aliyekaa palepale mbele yao. Na yakija mambo ya matibabu, wananong'ona. Koo ndilo lililougua, jamani; masikio yalikuwa mazima, tena yalinasa kila kitu. Alimsikia kaka yake mkubwa akisema, "Daktari alinieleza mimi pale koridoni. Huyu tusimchoshe."

Wakakubaliana apigwe mionzi, asipasuliwe koo. Kisa? Kaka alisema Spika bila sauti si Spika, na wote wakaitikia kwa vichwa. Mwenyewe alikuwa kwenye kochi la pili, anamenya chungwa, hasira zimemfika hapa.

Siku ya kliniki waliingia watatu: yeye, mkewe na kaka. Kiti cha karibu na daktari kaka akakiwahi. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, akafungua faili.

"Haya, mgonjwa anasemaje?"

"Mgonjwa anataka mionzi," kaka akajibu.

"Mgonjwa hajasema!"

Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilikuwa ileile ya juu ya meza. Watu wa kwenye benchi huko nje waligeuka.

"Kaka, nakuheshimu sana, lakini hili koo si lako. Hebu hama hapo."

Kaka akahama, mdomo ameubetua. Spika akaketi. "Haya daktari, sasa nieleze mimi. Usinifiche kitu."

Daktari akamweleza. Uvimbe umeshakuwa mkubwa. Kwa mionzi sauti inaweza kubaki, ila kwa uvimbe kama wake, wasiwasi ni kwamba utarudi. Wakimpasua na kuondoa kisanduku cha sauti, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi, lakini sauti hii ndiyo basi. Atajifunza kuongea upya, kwa kifaa.

"Na kucheka je?"

Daktari akaifunga faili. "Utacheka, baba. Ila hatutakusikia."

Hilo lilimuuma Spika kuliko yote. Akamtazama mkewe, ambaye kwa majuma yote hayo alimpikia uji na hakumuuliza hata neno moja, akaona machozi yanamlengalenga. Hasira ikampungua, kidogo tu.

"Nipasueni," akasema.

Kaka akasimama. "Wewe! Na sauti yako?"

"Ni yangu, kaka. Ndiyo maana naitoa mimi."

Walitoka nje. Karibu na geti, kaka akamsogelea mke wa mdogo wake, akainama kumnong'oneza.

"Shemeji, mgonjwa amechoka? Tumtafutie gari?"

Mwanamke akasimama katikati ya njia, watu wanampita huku na huku.

"Muulize mwenyewe," akasema kwa nguvu. "Bado ana sauti."