Kuku Aliyenisubiri

Jambo la mwisho la kawaida kutokea kabla goti langu halijavunjika, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, ni kwamba Bibi alinituma nikakate jani la mgomba la kufunikia chungu. Alilitaka changa, lisilochanika. Nikalipata, nikamletea, akaligeuzageuza mikononi na kusema, "Hili limekatwa na mtu mwenye akili." Kisha nikatoka kwenda kucheza, na akili nikaiacha jikoni.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nyuma ya kibanja chetu cha migomba kulikuwa na mteremko wa kushukia kisimani, nasi wavulana tulikuwa na mchezo wa kukalia ganda la mgomba lililolowa na kuteleza nalo hadi chini. Niliteleza mara mbili salama. Mara ya tatu ganda liligeuka, nikalikuta jiwe kwa goti la kulia. Maumivu hayakuja mara moja. Kilichotangulia ni mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu, na nilipotazama niliona pia ya goti haikai mahali pake.

Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya Muleba. Wakati ule wa Waingereza, hospitali ilikuwa safari ya siku nzima kwa machela, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimechukua daraja. Baba alikuwa karani mjini Bukoba, akiishi mtaa wa Bilele, na nyumbani alifika mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa Bibi, naye akamwita Ta Kalokola, muunga mifupa.

Alikuwa mzee mfupi, mwenye kucha safi kuliko za mtu yeyote kijijini. Alilipapasa goti langu kwa vidole gumba kwa muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akasema, "Nileteeni kuku. Si wa kula."

Bibi alikuwa na kuku jike wa kijivu mwenye madoa meupe, kama kanga. Wanawake wa rika lake kwetu hawakula kuku wala mayai, na wageni wa kuchinjiwa hawakuwa wengi, kwa hiyo kuku yule alikuwa ameishi miaka mingi na kuijua nyumba kama mmoja wetu. Mguu wake wa kushoto haukuwa na ukucha kwenye kidole cha kati. Nalitaja hili kwa sababu litarudi.

Ta Kalokola alimlaza kuku chini ya jani la mgomba, akaingiza mikono yake humo, akauvunja mguu wa kulia. Nikasikia mlio ule ule. Ulikuwa ule ule kabisa, na nywele zilinisimama. Kisha alitwanga majani katika kinu kimoja, nusu akalipaka goti langu, nusu mguu wa kuku. Akatufunga wote wawili kwa matete na vipande vya gome la mti wa mrumba. Matete yangu yalikuwa marefu kama mkono wake, ya kuku yalikuwa kama njiti za kiberiti.

"Sasa sikiliza, kijana," alisema. "Goti lako nimelifunga pamoja na mguu wa huyu. Siku atakayokanyaga chini yeye, ndiyo siku nawe utakanyaga. Ukimtangulia hata hatua moja, goti litabaki kwake."

"Na yeye akinitangulia?"

Ta Kalokola alikaza kifundo cha mwisho. "Hatakutangulia," alisema. "Nitazungumza naye."

Pale kijijini alikuwepo mtu mzima aliyeumia goti utotoni, akasimama kabla ya wakati. Alikwenda kanisani kila Jumapili akisota kwa matako, viatu amevivaa mikononi. Sisi watoto tulimwamkia kwa heshima, kisha tukaenda kumwigiza nyuma ya kanisa. Siku ile sikuwa na hamu ya kumwigiza. Nilimtazama kuku, nikamwomba moyoni apone.

Tulilazwa pamoja, mimi juu ya majani makavu yaliyotandikwa sakafuni kama ilivyokuwa desturi ya nyumba zetu, yeye ndani ya tenga karibu na kichwa changu. Wageni walianza kuja. Hakuna aliyekuja mikono mitupu: huyu ndizi, huyu buni za kutafuna zilizofungwa kwenye jani, na baada ya siku chache wakaanza kuja na mtama wa mgonjwa wa pili. Ma Paskazia, jirani yetu, ambaye habari za kijiji zilifika kwake kabla ya kutokea, aliingia kila asubuhi akipaza sauti, "Wagonjwa, mmeamkaje?"

"Mmoja ameamka vizuri," Bibi alikuwa akijibu. "Mwingine ananung'unika."

"Anayenung'unika ni yupi?"

"Asiye na manyoya."

Katekista naye alikuja. Alimweleza Bibi, kwa sauti ya upole lakini ya kusikika, kwamba mambo ya kuvunja kuku miguu ni ya kipagani na hayampendezi Mungu. Alisali sala ndefu juu ya goti langu. Baada ya Amina aliinama, akafunua tenga kidogo, akauliza, "Na huyu anaendeleaje?"

Kila Jumamosi Shangazi Verdiana, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, alinibeba mgongoni hadi uani kunikogesha. Jumamosi ya tatu, niliporudishwa ndani, nilimtazama kuku kama kawaida. Kidole cha kati cha mguu wa kushoto kilikuwa na ukucha.

"Bibi! Ukucha umeota!"

Bibi aliinama akautazama kwa makini. "Ee, waitu," alisema. "Dawa ya Ta Kalokola hiyo. Inaunga na visivyovunjika."

Sikumbuki kama katika maisha yangu nimewahi tena kustaajabu kiasi kile. Niliushika mguu ule, nikauhesabu kidole kwa kidole. Ikiwa dawa ilikuwa na nguvu ya kurudisha ukucha uliopotea kabla sijazaliwa, goti langu lilikuwa jambo dogo. Tangu siku ile sikumsumbua tena Bibi kwa kuuliza lini nitasimama. Nililala nikingoja, nikimtazama kuku akipumua, nikijaribu kupumua naye.

Katika wiki ya saba kuku alikataa ndizi. Alikataa na mtama. Ma Paskazia alimtupia dagaa wachache, akawameza kana kwamba hajaona chakula mwezi mzima.

"Mfupa ukikaribia kupona, hamu ya chakula hubadilika," Bibi alinieleza.

Basi nami nikasema ndizi sizitaki, nataka dagaa. Wanawake walitazamana, na Shangazi akatoka nje ghafla. Nilimsikia akikohoa kwa muda mrefu huko nyuma ya nyumba. Nilipewa dagaa.

Wiki ya tisa Ta Kalokola alikuja na kisu. Nilibebwa hadi uani, ambako watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya ubatizo. Alikata vifungo vyangu kwanza, kisha vya kuku, akamweka kuku chini. Kuku alisimama kwa mguu mmoja. Aliushusha wa kulia, akauinua, akaushusha tena, kisha akaenda akichechemea, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja kwa moja hadi kwenye kikapu cha dagaa cha Ma Paskazia.

"Zamu yako," alisema Ta Kalokola. "Tanguliza wa kulia. Ukiuacha nyuma utazoea kukaa nyuma."

Nilitanguliza wa kulia. Ulitetemeka, ukauma, ukanibeba. Nilichechemea kama alivyochechemea kuku, hadi pale pale alipofika, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilimwona yule bwana wa kusota akiwa nyuma ya watu, ameketi chini, akipiga makofi kwa viatu vyake.

Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu. Huko nilifundishwa kutokubali jambo bila ushahidi, na yapo mengi ya utotoni niliyoyaacha bila majuto. Kuku sikumwacha. Niliwasimulia wanangu, ukucha na dagaa bila kupunguza kitu, na sikujiuliza lolote.

Aliyejiuliza ni mke wangu, Leokadia. Alizaliwa Bilele, akawa muuguzi, na alikuwa na tabia ya kusikiliza kitu mara kumi kabla ya kukisemea. Alasiri moja, tukiwa tumezeeka, alikuwa akichambua maharage nami nikimsimulia mjukuu. Nilipomaliza aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

"Mfupa wa kuku unaunga kwa wiki tatu. Wewe ulilala wiki tisa. Wiki sita zote hizo, kuku yule alikuwa anasubiri nini?"

Nilisema labda kuku wa zamani walipona polepole. Alicheka hadi akauweka ungo chini.

"Shangazi yako yu hai," alisema. "Nenda ukamuulize. Nataka kujua."

Nilisema nitakwenda mwakani. Nadhani niliogopa jibu, ingawa mbele yake nilitoa sababu nyingine. Alinikumbusha mara mbili. Mwaka huu aliugua, na baada ya wiki chache tukamzika katika kibanja chetu kule juu ya Muleba, hatua thelathini nyuma ya nyumba iliyokuwa ya Bibi. Nimezihesabu.

Matanga yalipokwisha na watu kuondoka, tulibaki wawili, mimi na Shangazi Verdiana. Alikuwa akimenya ndizi, maana hajui kukaa bure.

"Shangazi," nilisema, "yule kuku wa goti langu. Alikuwa mmoja?"

Kisu hakikusimama. "Nani amekuuliza?"

"Leokadia."

"Nilijua. Yule angeuliza tu." Alitupa ndizi ndani ya maji. "Walikuwa watatu."

Wa kwanza, alisema, alikanyaga kabla hata wiki tatu hazijatimia, mchana, nikiwa nimelala. Bibi alishika kichwa. Mtoto akimwona atasimama leo hii, alisema, na goti litakwisha. Alimkwapua kuku, akampeleka mbio kwa Ta Kalokola. Mzee alimtazama anavyotembea, akamfunga tena ili nisijue, akasema, "Huyu ana haraka. Tafuteni mwingine."

"Wa pili alikuwa wa katekista," Shangazi aliendelea. "Wa rangi ile ile, kilema wa zamani, aliumwa na mbwa. Tulipomwomba alisema yeye hatoi kuku kwa mambo ya kipagani. Kesho yake tukakuta kikapu mlangoni. Naye huyo anakuja nyuma yake, Biblia kwapani, anasema amepita tu kusali."

"Mwenye kucha zote."

"Kucha! Hatukuzikumbuka kucha. Ulipopiga kelele nilitaka kuzama ardhini. Mama, bibi yako, ndiye aliyetuokoa." Alicheka peke yake kidogo. "Lakini kilema yule asingepona kamwe, na siku yako ilikuwa inakuja. Mume wa Ma Paskazia alikuwa akivua kisiwani Goziba. Ma Paskazia akatuma salamu kwa wenye mitumbwi: kuku jike, wa kijivu, mwenye madoa. Mumewe akazunguka kambi nzima akiulizia kuku. Wavuvi walimwona mwehu. Kuku akaja ndani ya tenga la dagaa."

"Na huyo mguu wake ulivunjwa?"

"Hata kidogo. Ta Kalokola alimfunga tu. Ndiyo maana alichechemea, mguu ulikuwa umekufa ganzi."

Kisha nikauliza jambo lililonishinda zaidi: iliwezekanaje Ma Paskazia, na mdomo ule, asimwambie mtu?

"Asimwambie mtu?" Sasa kisu kilisimama. "Alimwambia kila mtu! Kijiji kizima kilijua. Wenzako wa kuteleza walijua. Yule wa kusota alijua, ndiye aliyekuwa akiuliza kila siku kama kuku bado yumo ndani. Asiyejua ulikuwa wewe tu."

"Kwa hiyo mlinidanganya wote."

"Tulikudanganya nini?" Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto. "Wewe ulikuwa unapona polepole. Tulimsubirisha kuku."

Nimeyapima maneno hayo kama nilivyofundishwa kupima. Kuku wa kwanza alipona mapema mno, wa pili hakupona, wa tatu hakuwa mgonjwa. Kwa ushahidi huo hakuna dawa. Hata hivyo, mshangao nilioupata nikiwa na miaka tisa, nikiwa nimeshika ukucha ule, haukupungua niliposikia. Uliongezeka. Ukucha ungeweza kuota kwa muujiza mmoja. Kijiji kizima kumnyamazia mtoto mmoja kwa wiki sita, pamoja na wavulana, pamoja na Ma Paskazia, na mtu kuvuka ziwa kwa ajili ya rangi ya kuku, hilo sijui nilipime kwa kipimo gani. Na Leokadia, kwa kuchambua maharage tu, alikuwa amefika karibu nalo kuliko mimi niliyelala ndani yake.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya Shangazi, nikaenda kaburini. Majani yalikuwa na umande. Nilijishusha kwa goti la kulia, ambalo hata kanisani nilikuwa nikilionea huruma, nikang'oa magugu mawili yaliyokwisha kuchipua.

"Walikuwa watatu," nilimwambia. "Wa mwisho alitoka Goziba."

Nilingoja kidogo, kwa sababu hapo angecheka. Kisha nikainuka na kurudi nyumbani, hatua thelathini, nikitanguliza mguu wa kulia.