Maji Meupe ya Mama

Mama yangu alikuwa akisuka mikeka ya ukindu kule Iyolwa, na rangi akiichemsha mwenyewe kwa chumvi kibao ili ishike. Maji yaliyobaki, mekundu kabisa, aliyamwaga mtaroni. Yakafika hadi chemchemi ya majirani, nao wakaja juu: aache kazi hiyo au apelekwe kwa mwenyekiti.

Mimi ndiye msomi wa nyumba, mwalimu huku Busia, basi nikajitia mjuaji. Chuoni nilijifunza kutengeneza unga mweusi kwa maganda ya muhogo: unayachoma ndani ya debe lililofungwa, unasaga, unasaga tena, mpaka chembe zinakuwa ndogo mno, jicho halizioni. Chembe hizo hunasa rangi. Nikaukoroga unga kwenye pipa la maji mekundu ya mama, tukauacha utuame, tukachuja kwa kitambaa. Maji yakatoka meupe pe!

"Ee Mungu wangu! Njoni muone mtoto wangu!" mama akaita, akapiga vigelegele. Majirani wakajaa uani. Nikainua glasi ya maji yale juu nikawaambia, "Sasa ni safi." Jamani, nilivimba kichwa siku ile!

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba, aliyeletwa kwa mahari ya dada yangu. Dada tulimzika kabla ndoa haijatimiza mwaka. Tangu hapo mama alimsalimia ng'ombe yule kila asubuhi kabla hajatusalimia sisi. Maji mekundu hakuwahi kumpa hata tone. Lakini kiangazi kilikuwa kikali, maji ya kuteka yako mbali, na haya meupe yapo nyumbani. Akampa ndoo baada ya ndoo, siku nne, na mnyama akayafakamia kwa sababu ng'ombe hupenda chumvi.

Nilipopigiwa simu nikakimbia nyumbani. Nilimkuta mama amekaa chini, kichwa cha ng'ombe mapajani, kimekwisha kupoa. Nikaanza kueleza, mjinga mimi, kwamba unga ule hunasa rangi tu, chumvi iliyomuua hauigusi.

"Ulijua?" mama akauliza.

"Nilijua, mama."

"Hata siku ile ulipoinua glasi?"

Nilijua hata siku ile. Sikusema kwa sababu sifa zilikuwa tamu, na hilo nalo nikamwambia, nikilia.

Hakunifokea. Afadhali angenichapa. "Yangebaki mekundu," akasema, "nisingempa."