Msumari Mchochezi

Jamani, leo Bwana Mkubwa kaniita mchochezi mbele ya darasa zima!

Na mnajua siku hizi za kudai uhuru neno hilo linavyopeleka watu jela.

Asubuhi, maabara ya shule. Bwana Mkubwa, Mzungu wetu wa kemia, kachanganya bromini na benzini, mie mwalimu msaidizi nimesimama pembeni. Tukangoja ule wekundu wa bromini upotee.

Wapi!

Bila chuma, dawa hizi mbili haziungani. Na unga wa chuma umekwisha. "Tungoje meli ya Uingereza," anasema.

Nikamwambia, "Bwana, chuma ni chuma." Nikatoa mfukoni msumari uliobaki nilipopigilia mlango wangu kule Temeke.

"Mchochezi wewe! Kaa chini!"

Sikukaa. Nikautumbukiza.

Wekundu uleule. (Hapo jasho lilinitoka, siwafichi.)

Mara chupa ikaanza kutoa povu, moshi ukapanda, wekundu ukafifia. Msumari tukautoa ungali msumari.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Bwana, kwani chuma kimefanya nini?"

Bwana Mkubwa akatafuta neno la Kiswahili. Akakohoa.

"Kimechochea."

Darasa zima likanigeukia mie.

Kesho naingia na ratili nzima ya misumari. Nyie mngekaa chini?